Kisanduku cha Kazi

Mimi ndiye niliyeandika *Hana*.
Kwa mkono huu, kwa kalamu ya sheha,
mbele ya jina Mize Faki Shaame,
pahala palipoulizwa Kazi.
Nikapuliza wino ukauke,
nikasema: haya, mwengine.

Ulikuwa mwaka ule karafuu zilizaa hata matawi yakalala.
Kaka yake, Asaa, yuko juu, kamba kiunoni,
pakacha limeshajaa,
tawi likalia *ta!*
Sisi tuliokuwa chini tulisikia kwanza karafuu,
kisha yeye.

Alirudishwa Mwambe kutoka Mkoani
na mto mmoja na karatasi moja:
*Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili.*
Haikusema na nani.

Saa mbili, saa nne, saa sita,
saa nane ambapo hata mbwa wamelala,
saa kumi, na adhana imkute ameshika nyonga ya mtu mzima.
Mara kumi na mbili kwa siku.
Kwa mwaka nilihesabu nyuma ya daftari la vizazi na vifo:
elfu nne, mia tatu na thamanini.
Zidisha kwa miaka tisa, ukimaliza niambie.
Mimi nilisita hapo.

Kamba zake za mwani alimpa wifi yake.
Posa zilikuja mbili:
ya kwanza iliuliza kama kaka atahamishwa,
ya pili haikuuliza, iliona mlango, ikarudi.

Sisemi serikali imekaa tu.
Mama yao kila mwezi hwenda kupokea pensheni ya uzee,
huirudisha imefundikwa kwenye pindo la kanga:
sabuni, nepi, mafuta ya kuchua mgongo,
mpaka tarehe kumi na tano.
Lakini anayegeuza hana fungu.
Karatasi zetu zina chumba cha mzee,
chumba cha mgonjwa, chumba cha yatima;
Mize hupita katikati yao,
juu ya mstari.

Bi Raya wa mkate wa mofa hakungoja fomu.
Alikuja na jamvi lake kwapani:
"Mize, kalale."
Kesho yake akapanga zamu kwa mkaa ukutani mwa jiko,
Jumatatu yeye, Jumanne wakwe wa Kombo,
akafika barazani tulipokaa na kahawa:
"Na nyinyi wenye mabega, Alkhamis ni yenu."

Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nimelibeba kanda hilo Alkhamis, saa sita za usiku.
Usufi sikuukuta.
"Si bega," Asaa akaniambia, jicho ukutani,
"shika nyonga. Dada hushika nyonga."
Nikatoka jasho kama niliyetwanga.
Yeye ndiye aliyeniomba radhi.

Chumba cha pili Mize amelala na buibui,
kama abiria anayeogopa kuachwa.
Saa nane akazuka mlangoni hakuna aliyemwita,
mikono mbele, vidole vimekunjika,
haina cha kushika.
"Nishamgeuza," nikasema.
Akasimama pale muda mrefu.

Jana amekuja afisa wa ustawi kutoka Chake,
kijana, Hidaya, na fomu mpya zinanuka wino.
Nikamuuliza: anayeuguza aandikwe wapi?
Akaigeuza fomu. Akaigeuza tena.
"Hapajawekwa," akasema. "Andika pembeni,
na namba ya simu ya sheha. Nitaifikisha, nitaisumbua."
Siwezi kukuapia kwamba itafika.
Lakini ameweka kidole chake pale penye uwazi
na hakukiondoa upesi.

Tukamwita Mize. Kazi?
Kisanduku kina upana wa vidole viwili.
Nikaikata *Hana*, nikaanza, nikatoka nje ya mstari,
nikapanda ukingoni mwa karatasi, nikazunguka pembe,
naye anaitazama saa ya ukutani:

"Andika upesi, karani.
Saa sita inakaribia."